Kuyasaili Majivu

Majivu ya soko au ya bweni huwa bado yana moto chini yake, na wenye mali na wenye wafu huwa bado hawajamaliza kulia, wakati hukumu ya chanzo inapokuwa imekwisha kukatwa na kupita midomo yote: ni shoti ya umeme, asema mmoja, ni watu wabaya, asema wa pili, na huyo aghalabu huwa na jina la mtu ulimini, ni kudra ya Mwenyezi Mungu, asema wa tatu, na kwa kuwa hapana muumini mwenye adabu atakayesimama kuikana kudra, mazungumzo hukoma hapo, mabati mapya yakapigiliwa juu ya nguzo za jana na nyaya zikavutwa tena palepale zilipokuwa. Majibu haya matatu nimeyatafakari kwa muda mrefu, nami siwezi kusema kuwa ni ya uongo, maana kila moja laweza kuwa kweli mahali pake. Ila naona kwamba hutolewa kwa haraka mno, ili swali life, ilhali swali hilo lafungamana na uhai wa watu ambao hawajaungua bado.

Wanaoitanguliza kudra mbele ya uchunguzi wangefaa kuikumbuka khabari iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku na wenyewe wamo ndani. Khabari hiyo ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia watu kwamba moto ni adui yao, akawaagiza wauzime kila waendapo kulala. Na katika hadithi nyingine imetajwa hata sababu yenyewe, kwamba panya huweza kuukokota utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba yao. Tazama jinsi mambo yalivyopambanuliwa katika maneno hayo machache ya karne ya 7: yupo panya aletaye mwendo, upo utambi uliolowa mafuta, na ipo saa ya usingizi ambapo hapana jicho la kuona wala mkono wa kuzima. Aliyeyasikia maneno yale hakupungukiwa imani hata chembe, lakini alijua la kufanya kabla ya kujinyoosha kitandani, na kujua huko ndiko ninakokutafuta katika kila khabari ya moto ninayoisoma.

Kazi ya panya yule leo hufanywa na mtoto anayegeuka usingizini akaisukuma koroboi kwa mguu, na upepo unaolipeperusha pindo la chandarua hadi kwenye mshumaa, na kaa moja lililoanguka kutoka jiko la mkaa ukumbini na kujificha chini ya jamvi. Moto hauwi ila yakutane mambo matatu, kitu cha kuungua, hewa, na joto la kutosha kukiwasha, na nyumba zetu huyakutanisha mara nyingi kwa siku bila madhara, hata tukaizoea hatari kama tunavyomzoea jirani. Katika miji na vijiji vya mwambao ambako paa za makuti zingalipo, cheche iliyoruka wakati wa kaskazi, makuti yakiwa yamekauka kwa miezi ya jua, haikai juu ya paa ililoangukia. Upepo huichukua hadi paa la pili na la tatu, na mzee mwenye busara huacha kuimwagia maji nyumba iliyokwisha kushika, akapanda kuling'oa paa la nyumba ambayo bado nzima, ili moto ukifika pale usipate cha kula. Mzee huyo amekwisha kujua chanzo na njia, naye anapigana na njia kwa kuwa chanzo kimempita.

Gesi ya mitungi, ambayo imeingia majikoni mwetu ikiyaokoa macho na mapafu ya mama zetu kutokana na moshi, ina tabia ambayo kila anayeinunua angepasa kuambiwa kabla ya kutoa fedha. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja kwenye mpira uliopasuka haipandi kwenda dirishani, bali hushuka, hutambaa sakafuni, hujaa pembeni na chini ya meza, na yaweza kusafiri chumba kizima hadi ikalikuta jiko la mkaa la jirani. Kwa asili yake haina harufu. Ile harufu ya uozo tunayoinusa hutiwa makusudi ili pua itoe khabari mapema. Mtu akiinusa gizani akaenda kubonyeza swichi ya taa ili aone inakotoka, ile cheche ndogo ya ndani ya swichi, ambayo siku zote haimdhuru mtu, yatosha kuilipua nyumba. Kadhalika mafuta ya kukaangia: yakishika moto mtu mwema hukimbilia ndoo, na maji, yakiwa mazito kuliko mafuta, huzama chini ya karai, hugeuka mvuke kwa dharuba moja, na mvuke huo ambao hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni. Mfuniko ungetosha. Wangapi wameunguzwa na nia njema iliyokosa ilimu ndogo kama hiyo?

Umeme nimeuacha hadi sasa makusudi, kwa sababu ndio hushitakiwa zaidi na ndio huchunguzwa kidogo zaidi. Waya hupata joto kila umeme unapopita ndani yake, na joto hilo huzidi ikiwa waya ni mwembamba kwa mzigo uliotwikwa, au ikiwa kiungo chake kimelegea. Na kiungo kilicholegea ndani ya ukuta chaweza kuunguza mbao taratibu kwa siku nyingi kabla ya usiku ule ambao watu watasema moto ulitokea ghafla. Nyumba iliyofungwa nyaya kwa ajili ya taa nne na redio leo ina friji, pasi, jiko, televisheni na simu za wapangaji sita, vyote vikinyonya katika ekstensheni moja iliyoviringwa nyuma ya kochi. Fyuzi, ambayo imetengenezwa ife ili nyumba ipone, ilipokufa mara ya tatu katika juma moja mtu aliiondoa kwa kuchoka, akaweka msumari au kipande cha waya mnene, na tangu siku ile umeme haukukatika tena, naye akajisifu kuwa amelitibu tatizo. Kisha iko ile pasi iliyoachwa juu ya nguo umeme ulipokatika saa kumi jioni, mwenyewe akatoka kwenda zake, na umeme ukarudi saa mbili usiku pasiwe na mtu ndani.

Sasa mambo yote haya, ambayo kila moja lina mwenyewe na dawa yake, hukusanywa katika kapu la hitilafu ya umeme na kapu likafungwa. Hitilafu ya nani? Ikiwa ni ya fundi aliyefunga nyaya bila ujuzi, dawa iko kwa wanaotoa leseni na kukagua. Ikiwa ni ya muuza duka aliyeuza waya wa kughushi ambao shaba yake ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa, dawa iko bandarini na sokoni. Ikiwa ni ya mwenye nyumba aliyekigawa chumba kimoja kuwa vitatu kwa mbao laini na kuvuta umeme wa vyote kutoka tundu moja, dawa iko kwake na kwa halmashauri iliyonyamaza. Anayetamka hitilafu ya umeme akaishia hapo amewasamehe wote hawa kwa pumzi moja, tena bila idhini ya walioungua.

Na uko mtego mwingine ambao wachunguzi stadi huuogopa. Baada ya moto mkubwa, karibu kila mara zitaonekana nyaya zilizoyeyuka, na mtazamaji husema: hiki hapa chanzo. Lakini moto uliowashwa na mshumaa nao hula ganda la waya, na nyaya mbili zilizovuliwa ganda huku umeme ungalimo hugusana na kupiga shoti, zikaacha shanga ndogo za shaba iliyoyeyuka. Hivyo shoti huwa mzazi wa moto mahali pengine na mtoto wake mahali pengine, na sura zao ni karibu moja. Shaba huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,085 za Selsiasi, ambalo moto wa kawaida wa nyumba huweza kulikaribia na pengine kulifikia. Kwa sababu hii mchunguzi mwaminifu huanza mbali na mahali palipoungua sana, akatembea kutoka kwenye palipoungua kidogo kwenda kwenye palipoteketea, akisoma alama za moshi ukutani, kina cha mbao iliyogeuka mkaa, na upande ambao nondo zimepinda, akiwauliza mashahidi waliona mwanga dirisha gani kwanza na moshi wa rangi gani. Na asipopata ithibati hukiri kwamba chanzo hakikujulikana, na kukiri huko ni heshima kubwa kwa haki kuliko jina la kubuni.

Maana jina la kubuni limekwisha kuua. Mji wa London uliposhika moto usiku wa kuamkia Septemba 2, 1666, moto ulianzia katika tanuri la mwokaji mikate Thomas Farriner katika njia ya Pudding Lane, ukala nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 kwa muda wa siku nne hivi. Watu wakasema ni Wafaransa, wakasema ni Wakatoliki, wakawapiga wageni njiani. Na Mfaransa mmoja, fundi saa Robert Hubert, mtu ambaye akili zake hazikuwa timamu, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeuwasha. Katika hati ya mashitaka yamo majina ya watu wa nyumba ya Farriner wenyewe, ambao kukiri kwa mgeni yule kuliwaondolea mzigo usio mdogo. Hubert akanyongwa, kisha ikabainika kwamba alikuwa bado baharini moto ulipoanza, na aliufikia mji siku mbili baadaye. Maandishi ya kuwalaumu Wakatoliki yalichongwa katika mnara wa ukumbusho mwaka 1681 na hayakufutwa kwa mara ya mwisho hadi 1830. Kamba ya Hubert haikuilinda London hata nyumba moja. Kilichoilinda ni sheria ya kujenga upya ya mwaka 1667, iliyotaka nyumba ziwe za matofali na mawe na njia zipanuliwe, yaani sheria iliyotungwa na watu ambao, mbali na uvumi wa njiani, walikuwa wamekiri nafsini mwao kilichoula mji.

Mtu asidhani kwamba mambo hayo yaliisha na karne zile. Katika jimbo la Texas, nchini Marekani, baba mmoja alihukumiwa kwa moto wa mwaka 1991 uliowaua binti zake watatu, na akauawa na serikali mwaka 2004, hujja kubwa ikiwa ni alama za sakafuni na vioo vilivyopasuka utando, ambavyo wachunguzi wa siku zile waliviamini kuwa ushahidi wa petroli iliyomwagwa. Wataalamu wa moto walioipitia kesi hiyo baadaye walieleza kwamba moto ulioshika chumba kizima huacha alama hizohizo pasipo petroli, na kwamba kioo chenye joto hupasuka vile kikirushiwa maji ya wazimamoto.

Ziko pia nyakati ambapo cheche yajulikana na bado hatujajua kitu. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakajaa na madumu kuchota petroli, mlipuko ukatokea, na waliokufa, hapohapo na hospitalini katika wiki zilizofuata, walizidi 100. Ilielezwa kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akijaribu kuing'oa betri ya lori. Miaka 10 kabla yake, Januari 31, 2009, maafa ya namna hiyohiyo yalikuwa yametokea Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, na huko nako waliokufa walipita 100; na Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Nairobi yaliwaka katika mtaa wa Sinai. Petroli haihitaji kuguswa na moto. Mvuke wake, mzito kuliko hewa kama gesi ya mitungi, hutandaa chini kuwazunguka wachotaji, ukaingia hata katika nguo zao, na wale waliosimama kando ya barabara kutazama huwa wamo ndani yake pasi na kujua. Wako waliosema kwamba marehemu wa Msamvu walijiua kwa tamaa. Maneno hayo yananiuma, na siyakubali. Mtu anayeyahatarisha maisha yake kwa dumu la lita tano la petroli ametuambia thamani ya dumu lile nyumbani kwake, na ukata ule umo katika orodha ya vyanzo kama ilivyomo betri, nao hautaondoka kwa kuwakemea wafu.

Nisingeandika hata mstari mmoja, hata hivyo, lau si mabweni. Machi 1998 wasichana 26 waliungua katika shule ya Bombolulu, karibu na Mazeras katika pwani ya Kenya; mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos, katika bweni lililomwagiwa petroli usiku. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli, na madirisha yana nondo. Nani asiyeona kwamba hapa viko vyanzo vya aina mbili, na kwamba sisi hukitafuta kwa bidii kile cha kwanza tu? Aliyeleta petroli yuko, na taksiri yake ni nzito, na mahakama zipo kwa ajili yake. Lakini petroli yaeleza kwa nini bweni liliungua. Haielezi kwa nini watoto wenye miguu mizima, walioamka na kukimbia, waliishia kurundikana mbele ya mlango. Hilo laelezwa na kufuli, na kufuli haikufungwa na mwovu. Ilifungwa na mtu mwenye dhamana, kwa nia ya kuwalinda wasitoroke au wasiingiliwe na wezi, na nondo zilitiwa na fundi aliyelipwa kwa fedha za wazazi wenyewe. Na ndani, magodoro ya sponji, ambayo yakiungua hutoa moshi wenye sumu, huwalegeza watu kabla ndimi za moto hazijawafikia, hata dakika mbili za kuutafuta ufunguo zikawa ni dakika mbili zisizokuwapo.

Kati ya Bombolulu na Kyanguli ilipita miaka mitatu. Kila niifikiriapo miaka hiyo naiona kuwa ndiyo hujja yote ya makala haya, kwa sababu mwaka 1998 mlango ulikuwa umekwisha kujulikana. Lau khabari za mlango ule zingebebwa shule kwa shule, zikasomwa mbele ya kila mwalimu mkuu na kila matroni, na mkaguzi akatumwa na msumeno wa kukatia nondo, wavulana wa Machakos huenda wangeungua nguo na kupoteza masanduku yao, wakaishi. Mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya ulitolewa mwaka 2008, nao ulitaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Ni mwongozo mzuri. Lakini Septemba 2024, huko Endarasha katika kaunti ya Nyeri, wavulana 21 walikufa katika bweni lililojengwa kwa mbao na kulaza watoto zaidi ya 150.

Na upande wetu wa mpaka, hapa Tanzania, hatuna la kujivunia. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Idodi, Iringa, na polisi walieleza kwamba mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akisoma usiku ulidhaniwa kuwa ndio chanzo. Nakiangalia chanzo hicho kwa huzuni ya namna yake. Mtoto wa kijijini anayewasha mshumaa kitandani baada ya taa za shule kuzimwa, ili asome kurasa chache zaidi kabla ya mtihani, ametenda jambo ambalo mchana tungemsifia. Na atakayeandika mshumaa akafunga daftari amemshitaki mtoto kwa bidii yake. Atakayeendelea kuuliza ataandika pia kwamba taa zilizimwa, kwamba hapakuwa na chumba cha kusomea chenye mwanga hadi saa ya mtoto yule, na kwamba kitanda kiligusana na kitanda. Na kila aliloliandika lina mtu mzima wa kuliondoa.

Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na namba 114 hupigwa bila malipo. Tume nazo huundwa, kama ile iliyoundwa na Waziri Mkuu baada ya Soko la Kariakoo, kazi bora ya msanifu Beda Amuli, kushika moto usiku wa Julai 10, 2021. Sina ugomvi na tume. Ombi langu ni kwamba taarifa zao zitoke makabatini, ziandikwe kwa Kiswahili cha mfanyabiashara na cha matroni, na zitaje sababu kwa urefu wake wote, kuanzia cheche mpaka kwenye kufuli, kisha zisomwe hadharani mahali palipoungua na katika kila mahali panapofanana napo. Na mzazi atakayempeleka mwanawe bweni Januari ijayo ana haki ya kumwuliza mwalimu mkuu ufunguo wa mlango wa pili hukaa kwa nani usiku, naye mwalimu amjibu kwa jina la mtu, kisha waende pamoja wakaufungue.